Mradi ukiisha na ajira imeisha? Kati ya ruzuku na ujenzi wa serikali kipi kinamsaidia kijana

MtuwaKilosa
Wakuu habari za muda huu. Mimi nipo Kilosa, wakati kile kipande cha SGR (reli ya kisasa) cha Morogoro mpaka Makutupora kinajengwa vijana huku tulikuwa na kazi kwelikweli, kuna waliokuwa saidia fundi, waendesha mitambo, walinzi, wafunga nondo kule kwenye mahandaki, na mama lishe anapika sufuria mbili za wali zinaisha kabla ya saa nane. Vyumba vikapanda bei mpaka watu wanaongeza vya uani harakaharaka. Sasa treni inapita tangu 2024 na tunashukuru, ila kambi ilifungwa na vile vyumba vipo tupu. Hivi serikali ikitangaza mradi umezalisha ajira elfu kadhaa inahesabu na hizi zetu za muda? Na hela kama zile zingeingia kwenye ruzuku, mfano mbolea au mitaji ya vijana, si zingeleta ajira za kudumu zaidi? Tujadili kwa hoja, siasa tuweke pembeni.

FundiUashi
Mkuu, kitu cha kuangalia ni hela ya mradi inaishia mfukoni kwa nani. Bwawa la Nyerere limekula zaidi ya trilioni 6, na humo kuna mashine tisa za megawati 235 kila moja, hizo hazitengenezwi Rufiji wala Dar, hela yake inaenda zinakotengenezwa. Silipingi bwawa, umeme tunauhitaji sana, nasema tu ukitaka ajira nyingi usihesabu ukubwa wa bajeti.

Linganisha na yale madarasa 15,000 ya hela za UVIKO mwaka 2021. Darasa moja milioni 20, kwa force akaunti, yaani bila mkandarasi, kamati ya shule inanunua vifaa na fundi wa hapohapo anapewa ufundi. Nilifanya kazi kwenye hayo madarasa. Tofali zilifyatuliwa kijijini, mchanga kaleta jamaa mwenye trekta, maji ya zege walichota kina mama wanalipwa kwa pipa, madirisha kachomelea kijana mwenye karakana yake ndogo pale senta. Wote hao jioni unawakuta kwenye duka lilelile wananunua unga na mafuta, yaani hela haijatoka hata nje ya kata.

Kilichotuumiza ni haraka. Nchi nzima inajenga kwa wakati mmoja na mwisho ni Disemba, saruji na bati zikapanda, hela ya vifaa ikaanza kula hela ya ufundi, na Januari kimya kabisa. Wangepanga kwa awamu, kata hii mwaka huu na ile mwaka ujao, fundi angekaa na vijana wake muda mrefu na wangetoka wanajua kazi, sio kubeba zege tu.

Msongea
Nije kwenye mbolea maana nauza pembejeo. Ruzuku ilipoanza msimu wa 2022/23 mbolea ya kupandia ya DAP iliyokuwa imepita laki na thelathini mfuko ikashuka mpaka elfu 70. Mkulima wa ekari moja akaongeza nyingine, na ekari ikiongezeka lazima atafute watu wa palizi, wa kuvuna, mwenye mashine ya kupukuchua, wa kupakia magunia, bodaboda wa kutoa mzigo shambani. Hizo ajira hakuna anayeziandika popote ndio maana zinaonekana hazipo.

Ila MtuwaKilosa usidhani ni za kudumu, ni za msimu hizi, na bei ya mahindi ikianguka mwaka unaofuata yule mkulima anarudi kwenye ekari yake moja. Pia kuna vijiji huku Machi na Aprili fuso haifiki, hata mbolea iwe nusu bei mahindi yanauzwa kwa dalali mwenye pikipiki kwa bei anayotaka yeye. Kwangu mimi ruzuku bila barabara ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) ya kupitika mwaka mzima ni nusu ya kazi, kwahiyo sioni sababu ya kuchagua kimoja.

PwaniMsa
Nawasalimu kutoka Mombasa. Jamani hesabuni pia kazi zinazopotea. SGR yetu ilizinduliwa 31 Mei 2017, ujenzi wake ulikula bilioni 327 za Kenya, nyingi mkopo wa China, na wakati wa kujenga vijana walipata kibarua. Baadaye treni ikawa yataka mizigo, ikatoka amri kontena za kwenda bara zipande treni. Malori yakasimama. Dereva hana kazi, utingo hana kazi, makanika wa Changamwe, lojing za Mariakani, Maungu na Mtito Andei, mpaka mama wa mahamri na chai. 2019 watu wakawa waandamana kila Jumatatu, Oktoba amri ikasimamishwa, na Ruto alipoapishwa 2022 akaagiza huduma za bandari zilizohamishiwa bara zirudi Mombasa. Miaka yote hiyo kuna watu walifilisika, lori lachukuliwa na benki. Sasa hao nani aliwatoa kwenye ile hesabu ya ajira zilizoletwa?

MtuwaKilosa
PwaniMsa hapo umenifungua, huku hakuna anayeongelea watu wa mabasi na wauzaji wa stendi. Fundi nakuelewa, sasa sisi tulioachwa na ujuzi wa nondo na zege tunaingiaje kwenye hizo kazi ndogo za serikali?

AfisaMstaafu
Kijana, sheria ya manunuzi inataka asilimia 30 ya zabuni za umma ziende kwa makundi maalum, vijana mkiwemo, hata Kenya wana asilimia 30 kama hiyo. Tatizo wengi hamjasajiliwa. Tafuta wenzako wenye ujuzi, mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata mkiwa na katiba na muhtasari wa kikao, mkishapata cheti cha kikundi ombeni kuingizwa kwenye NeST, mfumo wa zabuni za serikali wa mtandaoni. Na mtaji upo, ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na katika hiyo 10 asilimia nne ni ya vijana. Muulizeni palepale dirisha la maombi linafunguliwa lini, na msimpe mtu hela ya kuwajazia fomu.