Wakuu, barabara ya Mombo kwenda Lushoto inafaa kwa gari la chini? Naenda wikendi hii na mchumba

Mpole wa Tabata (mtoa mada), Jumatano saa 2 usiku:
Heshima kwenu wakuu. Nina mpango wa kwenda Lushoto wikendi hii na mchumba wangu, tutoke Dar Jumamosi alfajiri turudi Jumapili usiku. Tumechoka na kelele za huku, tunataka sehemu ya baridi tuone milima tupumue kidogo. Maswali yangu: mlima wa kutoka Mombo ukoje kwa gari la chini? Pale Irente kwenye mwamba gari linafika? Na tochi za trafiki za kupima mwendo ziko maeneo gani kuanzia Chalinze, na je, ukipigwa tochi deni linaonekana kwenye mfumo siku hiyo hiyo au linachelewa? Bajeti ni laki tatu na nusu, mafuta ndani. Naombeni ushauri, matusi hapana.

Nungunungu:
Nimetandika mkeka. Ngoja waje wenye Lushoto yao.

Mama Chapati:
Beba sweta mbili na soksi. Huu mwezi wa saba usidanganywe na jua la saa sita, ikifika jioni ukungu unashuka mpaka unamtafuta mwenzio kwa sauti. Mimi nilienda na kanga na viatu vya wazi, nikalala na gauni, koti la mume wangu na taulo la gesti juu. Pale shamba la Irente wanauza jibini, jamu na mkate mweusi, mnakaa kwenye nyasi mnakula. Huo mkate mgumu lakini ukishiba umeshiba.

Mgosi wa Shume:
Mgosi (ndivyo Wasambaa tunavyomwita mwanaume), karibu nyumbani. Mombo hadi Lushoto mjini ni kilomita kama 33, lami mwanzo mwisho, gari lolote linapanda. Upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde, kona haziishi. Piga honi kila kona usiyoiona mbele, maana Fuso za kabichi na karoti zinashuka kuwahi Kariakoo na dereva wake hana muda na wewe. Soni iko katikati ya mlima, simama hapo uone maporomoko na upumzishe injini. Ila mlima ule kupanda siyo shida, shida ni kushuka. Weka gia ndogo, gari lishikwe na injini. Wageni wanashuka wamekanyaga breki kuanzia Soni, wakifika Mombo matairi yananuka kama mpira unaoungua. Na usije ukashuka frii kwa kubana mafuta, utatufanya tuje na machela.
Irente ni kama kilomita sita kutoka mjini, njia ya vumbi yenye mawe. Gari la chini liache mjini, chukueni boda au tembeeni, kutembea ndiyo utamu wenyewe. Ukisimama pale mwambani unaiona Mazinde iko chini ya miguu yako na nyika yote ya Wamasai mbele.

Dereva Mstaafu:
Kwa njia ya Bagamoyo unatokea Msata, unakwepa foleni ya Kibaha na Mlandizi. Kutoka hapo hadi Segera kila kijiji ni hamsini, usijifanye una haraka. Sasa kijana, nimeendesha miaka 31. Mtu anayeuliza tochi ziko wapi namwelewa. Mtu anayeuliza deni linaonekana lini, huyo simwelewi. Faini ni elfu 30, unalipa mambo yanaisha. Gari ni lako?

Mpole wa Tabata:
Mkuu Mgosi nashukuru sana kwa maelezo. Dereva Mstaafu, gari lipo chini ya uangalizi wangu. Je, njia ya Msata ina mashimo?

Dereva Mstaafu:
Mochwari nayo ina watu walio chini ya uangalizi wa mtu. Nimeuliza, gari ni lako?

Nungunungu:
Hahahaa mzee ameshika shingo.

Mpole wa Tabata:
Sawa, niseme ukweli maana hapa hatujuani. Gari ni la bosi wangu, Crown nyeupe. Ana duka la vifaa vya ujenzi, mimi ni mtu wake wa stoo na ninakaa uani kwake. Amekwenda Guangzhou kufunga mzigo, anarudi Jumanne. Ameniachia ufunguo. Kwa hiyo siyo kwamba naiba kama mtakavyotaka kusema.

Binti Makorora:
Amekuachia ufunguo wa kufanyia nini?

Mpole wa Tabata:
Niwe naliwasha asubuhi dakika kumi betri isife. Lakini dada yangu, gari likikaa sana pia linaharibika, matairi yanakaa upande mmoja, oili inalala. Fundi yeyote atakwambia gari linahitaji kutembea.

Nungunungu:
Kilomita 700 za kuchaji betri. Betri itajaa mpaka imwagike.

Ustadhi wa Kigamboni:
Ndugu yangu, ufunguo ule ni amana. Mtu amesafiri, ameacha nyumba, mali na familia, akakuona wewe ndiye mtu. Hata usiposhikwa, utamtazamaje Jumanne anapokupa zawadi ya shati kutoka China? Tubu kabla hujatenda, ni rahisi zaidi.

Dereva Mstaafu:
Mimi nilikuwa na tajiri mmoja, Mwarabu wa Tanga, Mungu amrehemu. Nikachukua pikapu yake bila ruhusa kwenda kuzika Handeni. Kuzika, siyo kustarehe. Kufika Mkata tairi la nyuma likapasuka, spea haina upepo, nikalala porini na jirani yangu na mbuzi wa matanga. Asubuhi nani anapita na basi la Dar? Tajiri, yuko dirishani, tumetazamana. Hakusema neno mpaka leo amekufa. Alinilipa mshahara wa mwezi ule hadi senti, mwezi uliofuata nikakuta dereva mwingine amekaa kwenye kiti changu anakunywa chai yangu. Sasa wewe jiulize, bima ni kubwa au ile ndogo? Ukimgonga mtu, nani alikuwa anaendesha? Na odometa utaificha wapi?

Mpole wa Tabata:
Odometa hajaiandika popote, nimechunguza. Bima ni kubwa. Na mimi siyo mwendeshaji wa fujo, leseni ninayo. Naomba turudi kwenye mada, mafuta yatatosha na hiyo bajeti?

Mama Chapati:
Crown inakunywa baba. Kwenda na kurudi ni kama 700, weka lita 70, na lita ikiwa karibu elfu tatu hapo laki mbili imekwenda hujala hata muhogo. Panda basi. Kuna mabasi ya moja kwa moja mpaka Lushoto, au panda lolote la Moshi au Arusha pale Mbezi, shuka Mombo, Hiace zinapanda mlimani kutwa nzima. Mchumba anakuegemea bega njia nzima, gari gani litakupa hilo?

Mpole wa Tabata:
Basi haliwezekani kwa sasa.

Mama Chapati:
Kwa nini?

Mpole wa Tabata:
Haliwezekani tu dada yangu.

Profesa wa Kijiweni:
Wakati tunasubiri mtoa mada aseme, niwape historia. Lushoto Wajerumani waliiita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, maana mita 1,400 juu ya bahari waliona wamerudi kwao. Lakini kabla yao makao makuu yalikuwa Vuga, kwa kina Kimweri, watawala wa Wasambaa wa ukoo wa Wakilindi, na watu walipeleka kodi huko. Na yale maua madogo ya zambarau ambayo Wazungu wanaweka madirishani yametoka katika milima hiyo hiyo ya Usambara. Mtawala mmoja wa Kijerumani alipeleka mbegu kwao, mwaka 1893 yakaandikwa kwenye vitabu kwa jina lake. Sisi tunayakanyaga.

Nungunungu:
Profesa asante, lakini hatujauliza.

Binti Makorora:
Mpole, basi haliwezekani kwa sababu binti anajua gari ni lako. Nimekosea?

Mpole wa Tabata (Alhamisi saa 12 asubuhi):
Sijawahi kumwambia ni langu. Siku ya kwanza alinikuta nalifuta, akasema hongera, nikasema asante. Hapo ndipo ilipoanzia. Sasa ana shangazi yake Soni ndiye aliyemlea, na ameshamwambia tutapita kumsalimia Jumamosi mchana tukiwa na gari. Huyo shangazi ndiye atakayetoa jibu la posa. Sasa mnielewe, siyo starehe tu. Na loji nimeshalipia nusu, elfu 80, kwa hiyo kughairi ni hasara.

Ustadhi wa Kigamboni:
Kumbe uliposema kupumua ulikuwa unakwenda kwenye mtihani.

Binti Makorora:
Mimi mama yangu ni Msambaa. Shangazi wa Soni hana habari na Crown, kwanza ataogopa isimkanyagie maharage. Atakuuliza kwenu wapi, baba yupo, unalima nini, unaswali au unasali wapi. Ukienda na basi ukambebea sukari, majani na kilo mbili za samaki wa Dar, umeshinda. Ukienda na gari la mtu, harusini atauliza lile gari liko wapi na kwenye ubatizo atauliza tena.

Nungunungu:
Nguo ya kuazima haisitiri matako. Nimemaliza.

Pea la Lukozi:
Jamani mkienda mniletee pea za kule, nasikia ndoo ni bei ya kutupa.

Mgosi wa Shume:
Na jina lote hilo hujui msimu? Pea, plamzi na pichesi ni matunda ya mwanzo wa mwaka. Sasa hivi utabeba karoti, kabichi na viazi. Mpole, loji gani umelipia? Kama ni mjini naweza kukupa mtu.

Mpole wa Tabata:
Iko Mtae kaka, ile yenye vibaraza vya mbao. Jamaa ameniambia ni dakika kumi kutoka Lushoto mjini, ukiwa kitandani unaona mbuga ya Mkomazi yote.

Mgosi wa Shume:
Dakika kumi kwa helikopta?

Kaka Fumbuo:
Sasa naomba niingie. Wakuu, tunakunywa chai hapa bila vitafunwa, yaani tunalishwa uongo. Nimefukua posti za huyu bwana. Mwezi wa pili aliomba ushauri wa mashine ya kumenyea viazi, akasema ana banda la chipsi Mbeya. Mwezi wa tano anauliza "Crown nyeupe ya milioni kumi na mbili nikiiona niikimbilie?" Leo ni mtu wa stoo, bosi yupo China, shangazi yuko Soni, na amelipia loji ya Mtae iliyo dakika kumi kutoka mjini. Kila mtu aliyewahi kufika huko anajua kuwa Mtae ni kilomita kama 60 mbele, mwisho wa milima, unaingia kwa masaa siyo dakika. Hii hadithi imetungwa na mtu ambaye Lushoto ameiona kwenye kalenda.

Nungunungu:
Nimelipia mkeka, mnaanza kuukunja?

Mama Chapati:
Yaani nimeandika habari za soksi kwa mtu hewa.

Profesa wa Kijiweni:
Mimi niliona tangu "oili inalala". Mtu wa stoo ya vifaa vya ujenzi haongei hivyo.

Mpole wa Tabata:
Wakuu mnaniumiza. Mbeya nilikuwa kweli, banda lilikufa, ndiyo nikaja Dar. Ya Crown nilimuulizia bosi mwenyewe, hana akaunti hapa, na ndiyo hiyo aliyonunua. Lushoto sijawahi kufika, ndiyo maana nauliza! Ningekuwa nimefika ningeuliza? Jamaa ndiye aliyeniambia dakika kumi.

Dereva Mstaafu:
Fumbuo, tulia kidogo. Mtu anayetunga hutunga vizuri, angeangalia ramani. Mpole, huyo jamaa ulimpata wapi?

Mpole wa Tabata:
Kwenye ukurasa wa Facebook, picha nzuri sana. Tumeongea kwa simu, ana sauti ya upole.

Binti Makorora:
Ulipotuma pesa lilitokea jina lake?

Mpole wa Tabata:
Lilitokea la mwanamke. Akasema ni mke wake ndiye mhasibu.

Mgosi wa Shume:
Loji inaitwaje? Mtae nina shemeji, namtuma sasa hivi.

Mpole wa Tabata:
Amesema jina linabadilika, wanafanya ukarabati. Nikifika mjini nimpigie atanielekeza.

Mgosi wa Shume:
Mgosi.

Mgosi wa Shume (saa 8 mchana):
Shemeji amejibu. Mtae hakuna loji inayobadilishwa jina, na ile picha uliyonitumia pembeni anasema vile vibaraza hajawahi kuviona kijijini kwao. Mpigie huyo jamaa mwambie umeshafika.

Mpole wa Tabata (saa 10 jioni):
Hapatikani.

Nungunungu:
Leo sina utani. Pole sana kaka.

Kaka Fumbuo:
Naomba radhi kwa neno chai. Lakini ile ya kumjibu binti "asante" ni chai pia, tena uliipika mwenyewe.

Mama Chapati:
Elfu 80 imekwenda, Crown inataka laki mbili, umebaki na sabini. Mwite binti leo, mwambie yote mawili, la gari na la loji. Wanawake tunasamehe ujinga, hatusamehi kuambiwa na shangazi.

Mgosi wa Shume:
Mjini kuna gesti za kanisa na za watu binafsi, safi, hazina makuu. Ukija na basi nitakupokea stendi, Irente nitawapeleka kwa miguu. Ukija na Crown pia nitakupokea, lakini nitakutazama vibaya.

Mpole wa Tabata (Ijumaa saa 3 usiku):
Nashukuru wote. Nimetafakari. Samaki nimenunua, sukari nimenunua. Naombeni dua.

Ustadhi wa Kigamboni:
Dua tunaomba. Unakwenda na nini?

Binti Makorora:
Umemwambia?

Dereva Mstaafu:
Kijana, jibu.

Nungunungu (Jumamosi saa 1 asubuhi):
Nimechungulia jina lake. Mara ya mwisho kuonekana humu ni leo saa 10:12 alfajiri.

Mama Chapati:
Saa kumi hiyo ni ya kuwahi basi au ya kukwepa foleni?

Pea la Lukozi:
Kama yuko njiani mwambieni karoti basi, maana pea hakuna.

Mgosi wa Shume:
Niko stendi tangu saa sita. Ukungu umefunga, sioni hata namba za magari.