Phú Quốc, Côn Đảo au Cát Bà: kisiwa kipi kwa wenye mabegi mgongoni?

Kipepeo_wa_Tegeta
Habari za jioni wadau. Mwaka huu mimi na rafiki zangu tumekubaliana tusirudi Nungwi, tunakwenda Vietnam. Kila mtu na begi lake mgongoni, hatununui kifurushi cha kampuni yoyote. Siku za kisiwani ni sita. Tumechuja tukabaki na Phú Quốc, Côn Đảo na Cát Bà. Tiketi tunataka kukata kabla ya Ijumaa ijayo maana bei imeanza kupanda. Aliyefika huko atusaidie, twende wapi?

Nyali_Kaka
Karibu jukwaani. Ila hujatupa la kushika. Mnakwenda mwezi gani? Mko wangapi? Pasipoti za wapi? Mfuko ukoje? Na muhimu kuliko yote, mnatua Hà Nội au Saigon (Jiji la Hồ Chí Minh)? Cát Bà iko kaskazini kabisa, upande wa Hải Phòng. Hivyo viwili vingine viko kusini. Kati ya pande hizo mbili ni zaidi ya kilomita elfu moja, hamtabadilisha mawazo mkiwa njiani.

Mtu_wa_Pwani
Phú Quốc. Hata usifikirie mara mbili. Ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote Vietnam, kina uwanja wa ndege wa kimataifa, hosteli za kila bei, soko la usiku, na vibanda vya abiria vya kuning'inia kwenye waya, vinavyovuka bahari hadi kisiwa cha Hòn Thơm, karibu kilomita 8. Halafu hakuna viza.

Nyali_Kaka
Hilo la viza limalizie, mkuu, usije ukamponza mtu. Msamaha ni wa siku 30, na ni kwa anayeingia Phú Quốc moja kwa moja kutoka nje au kwa kuunganisha ndege, bila kuingia bara. Ukitaka kukanyaga Saigon au Hà Nội, viza unahitaji. Ya mtandaoni ni dola 25 kwa kuingia mara moja, na tangu Agosti 2023 inatolewa kwa raia wa nchi zote, hadi siku 90.

Kipepeo_wa_Tegeta
Samahani, nilidhani ningeandika kidogo watu wasichoke kusoma. Tuko wanne: wawili wa Dar, mmoja wa Mombasa, na mmoja anafanya kazi Doha, huyo tutakutana naye hukohuko. Mwezi wa nane. Dola 35 kwa siku kwa kila mtu, ukiacha ndege. Wawili wetu hatuli nguruwe. Tungependa kukodi pikipiki. Pa kutua hatujaamua, ndiyo maana nauliza kisiwa kwanza.

Bi_Rehema_K
Mwezi wa nane! Hilo ndilo lingekuwa neno lako la kwanza, mwanangu. Phú Quốc iko Ghuba ya Thailand, na mwezi huo pepo za kusini-magharibi zinaipiga ufukwe wote wa magharibi. Mvua kila siku, bahari chafu, na boti za kutoka bandari za bara, Rạch Giá na Hà Tiên, huzuiwa mawimbi yakizidi. Cát Bà nayo ni msimu wa vimbunga. Septemba 2024 kimbunga Yagi kiliingilia hapohapo Hải Phòng na Quảng Ninh. Ya tatu sijafika, waliofika waseme.

Mwalimu_Juma_Doha
Nimefika Côn Đảo mwezi wa nane, na moyo wangu ulibaki kule. Ni visiwa 16, kikubwa ndicho chenye mji, na mji wenyewe mdogo na mtulivu. Mwezi huo upande ule bahari mara nyingi hutulia kuliko Desemba na Januari, na kasa wanapanda kutaga. Askari wa hifadhi ya taifa wanakupeleka kisiwa cha Bảy Cạnh, mnalala huko, usiku mnaamshwa kimyakimya kwenda kumtazama kasa akifukia mayai yake. Mvua ipo, ila kwetu ilikuwa inapita.

Kubwa zaidi ni jela. Wafaransa waliifungua mwaka 1862, Wamarekani na serikali ya Saigon (Vietnam Kusini ya zamani) wakaiendeleza. Kuna vyumba vinavyoitwa mabanda ya chui: mfungwa yuko chini, mlinzi anatembea juu ya nondo na kummwagia chokaa. Dunia ilikuja kuviona mwaka 1970. Makaburi ya Hàng Dương watu huenda usiku wa manane. Kwenye kaburi la Võ Thị Sáu, msichana aliyepigwa risasi na Wafaransa mwaka 1952, wanaweka vitana, vioo na maua meupe. Nilisimama pale nikashindwa kusema. Kama mna vijana katika kundi, wapelekeni.

Mtu_wa_Pwani
Mwalimu, watu wanakwenda kupumzika wewe unawapeleka makaburini. Na dola 35 Côn Đảo haitoshi. Hosteli ni za kuhesabu, na boti ya kutoka bandari ya Trần Đề, bara, ni saa mbili na nusu za kutapika.

Mwalimu_Juma_Doha
Inatosha wakilala wawili wawili na kula sokoni. Mimi sikutapika.

Dada_wa_Makuti
Naomba niseme la pikipiki kabla hamjaendelea, maana lilinitia hasara na bado linaniuma.

Phú Quốc, mwezi wa saba, tulikuwa watatu. Tulikodi skuta kwenye duka dogo karibu na tulipolala. Mwenye duka akataka pasipoti iwe dhamana. Nikampa yangu, na hilo ndilo kosa nililolifanya, kwa sababu ya uchovu. Siku ya pili tukaenda kaskazini, upande wa Gành Dầu. Mvua ikatukuta, barabara ya vumbi jekundu ikageuka utelezi, nikaanguka. Sikuvunjika, ila ekzosi iliniunguza mguu na alama ninayo mpaka leo. Skuta ilipasuka plastiki ya mbele na kioo kimoja.

Tuliporudisha, mwenye duka akasema dola 200 au pasipoti haitoki. Boti yetu ya Hà Tiên ilikuwa kesho yake saa saba mchana. Tulibishana mpaka usiku, nikalipa 120. Asubuhi tukafika bandarini na mabegi, tukaambiwa boti zimezuiwa. Tukakaa siku mbili. Ndege ya kutoka Saigon ikatupita. Bima nayo ilikataa kulipa hospitali kwa sababu leseni yangu ilikuwa ya gari tu.

Kwa hiyo dada yangu: pasipoti usimpe mtu, toa pesa taslimu ya dhamana. Piga picha chombo pande zote kabla hujakiwasha. Na leseni ya kimataifa iwe na daraja la pikipiki, halafu utazame imeandikwa mkataba wa mwaka gani. Vietnam wanatambua ile ya mkataba wa 1968.

Bi_Rehema_K
Pole sana, mwanangu. Mguu umepona vizuri?

Dada_wa_Makuti
Umepona, asante mama. Kovu tu.

Panda_Mlima_Moshi
Mbona Cát Bà haina mtetezi? Kwa dola 35 ndiyo pekee mtakayoishi vizuri. Basi na boti kutoka Hà Nội ni tiketi moja, hamhitaji ndege ya ndani. Mnakodi kayaki mnaingia ghuba ya Lan Ha katikati ya majabali ya chokaa, na kule kuna kima wenye vichwa vya dhahabu wasiofika mia duniani kote. Kimbunga hutangazwa siku kadhaa kabla. Acheni siku mbili za akiba kabla ya ndege ya kurudi, basi.

Kipepeo_wa_Tegeta
Siku mbili za akiba katika sita ni nyingi, kaka. Na chakula? Sisi tusiokula nguruwe tutapona?

Nyali_Kaka
Samaki, pweza, kome, tofu, wali, vyote vipo. Mchuzi wa supu ndio wa kuulizia, mara nyingi ni mifupa ya nguruwe. Jifunzeni kusema *không thịt heo*, yaani bila nyama ya nguruwe. Ukiwa kaskazini sema *thịt lợn* badala ya *thịt heo*.

Malindi_Unguja
Na ile nước mắm, sosi yao wanayotia kila kitu, si imechachushwa? Kuna mtu aliniambia ni pombe.

Mtu_wa_Pwani
Si pombe. Ni samaki na chumvi basi, mapipa makubwa ya mbao, kama mwaka mzima. Ya Phú Quốc imepewa ulinzi wa jina na Umoja wa Ulaya tangu 2012. Samaki wenyewe wanawaita *cá cơm*.

Malindi_Unguja
Nimetafuta picha yake sasa hivi. Huyo ni dagaa mchele! Ndiye huyuhuyu tunayemchemsha na kumwanika hapa, anakwenda mpaka Kongo. Mimi nafanya biashara hiyo, mvua ikinyesha mzigo unaoza ufukweni. Wao wanatia chumvi kiasi gani?

Mtu_wa_Pwani
Mimi niliambiwa kiwandani: samaki mafungu matatu, chumvi fungu moja.

Kipepeo_wa_Tegeta
Wadau, nimewasomea wenzangu yote. Wawili wamesema Côn Đảo kwa ajili ya kasa, wa Mombasa anataka kayaki, wa Doha yuko zamu hajajibu. Pikipiki tumeiweka pembeni mpaka tuone leseni zetu. Mwalimu, ile boti ya Trần Đề tiketi mlikata mtandaoni au bandarini?

Malindi_Unguja
Dada, mkibadilisha mkaenda Phú Quốc nipigie picha ya mapipa, na ya chini yanapotolea. Nataka kuona bomba lao limekaaje.