Mrejesho: Yale maneno marefu ya sayansi ya Kiingereza

Wakuu, nimerudi. Niliomba mbinu za kukata na kutamka maneno marefu ya sayansi ya Kiingereza, maana nilikuwa nakwama katikati ya neno.

Ushauri wa kutafuta vipande vya Kigiriki umenisaidia kwenye maana. Gastroenterology sasa naiona kama gastro, tumbo, entero, utumbo, logy, elimu yake. Haitishi tena.

Kutamka ni habari nyingine, na hapo ufunguo ulikuwa mkazo. Sisi tumezoea kuuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno ya -logy na -graphy huupeleka ya tatu kutoka mwisho, kwa hiyo unatua pale pale vipande vinapoungana: gas-tro-en-te-RO-lo-ji. Yakiishia na -ic, mara nyingi mkazo hukaa silabi moja tu kabla yake. Ndiyo maana ni photoSYNthesis lakini photosynTHEtic.

Aliyesema nianzie mwisho wa neno, asante sana! Nasema lo-ji, kisha RO-lo-ji, kisha te-RO-lo-ji, narudi nyuma hivyo hivyo mpaka neno lote. Ulimi haukwami kwa sababu kila mara unaelekea sehemu uliyoizoea.

P ya psychology haitamkwi, hata ikitanguliwa na neuro. Ya apnea inasikika. Hayo nayakariri tu.

Kinachonisumbua bado ni irabu zisizo na mkazo. Wenyewe wanazimeza, mimi nazitamka zote kamili. Naeleweka, kwa hiyo sina haraka nazo.