Mrejesho: usukani kutetemeka baada ya kubadilisha tairi

Wakuu, nilileta tatizo hapa: nimebadilisha tairi la mbele kushoto mwenyewe, baada ya hapo usukani ukawa unatetemeka na kuna mlio wa tak-tak. Wengi mlisema ni balansi, yaani uzito wa tairi haujalingana pande zote. Mmoja akasema nisimame kwanza, nikague nati. Huyo namshukuru sana, maana mbili zilikuwa zimelegea kiasi cha kuzungushwa kwa vidole!

Kosa lilikuwa langu. Nilikaza kwa kufuata duara, gari likiwa bado juu ya jeki, na sikusafisha kutu pale rimu inapokaa kwenye habu, yaani kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Rimu ikakaa upande.

Safari hii nilitafuta sehemu tambarare, nikavuta breki ya mkono, nikaingiza gia, nikaweka jiwe nyuma ya tairi la upande wa pili. Nati nililegeza kabla ya kupandisha jeki. Nikasugua kutu kwa brashi ya waya, nikarudisha rimu, nikakaza nati kwa kuvuka, yaani moja kisha ya mkabala wake, na kumalizia gari likiwa chini. Baada ya kilomita 80 nilikagua tena. Nati moja ilikubali kukazwa zaidi kidogo.

Mlio umekwisha. Mtetemo umebaki nikikanyaga breki tu: pedi ya breki ya ndani imeisha na diski, yaani sahani ambayo pedi huibana, ina mikwaruzo. Fundi anabadilisha pande zote mbili kesho.