Mjadala: Je, Jumapili ni ya Konstantino kweli?

MLETA MADA: Wanajamvi, salaam. Ikifunguliwa mada yoyote ya Sabato, yaani Jumamosi, siku ya saba, haichukui muda mtu ataandika kwamba ibada ya Jumapili aliianzisha Konstantino, Kaisari wa Roma, mwaka 321, na wengi wanaitikia. Mimi napinga.

Sheria ile ya Machi 321 ipo na inasomeka. Inataka mahakimu na watu wa mijini wapumzike siku ya Jua, yaani Jumapili, karakana zifungwe. Wakulima wanaachwa walime, wasije wakapitwa na msimu. Kristo hatajwi humo. Zaidi ya miaka 150 kabla yake, mwandishi Mkristo Yustino Mfiadini, akiwa Roma, alishaeleza kwamba Wakristo hukusanyika siku hiyo hiyo, husoma maandiko, huomba na kushiriki mkate. Sababu anazitaja mbili: ndiyo siku Mungu alipoanza kuumba, na ndiyo siku aliyofufuka Yesu.

Linalonigusa zaidi ni hesabu iliyokuwa nyuma ya kuichagua siku hiyo. Waraka wa Barnaba, andiko la Wakristo wa mwanzo lililoandikwa kabla ya mwaka 140, unazichukua siku sita za uumbaji kuwa miaka 6000, ya saba ni pumziko, kisha inakuja siku ya nane, yaani Jumapili inayoifuata Sabato, "mwanzo wa ulimwengu mwingine". Hawakuliokota hewani. Zaburi ya 90 inasema miaka elfu machoni pa Mungu ni kama siku ya jana iliyokwisha kupita. Na Wayahudi wenyewe walikuwa na Kitabu cha Yubile, andiko lao la kale lenye kalenda yake: mwaka wa siku 364, yaani wiki 52 kamili, kwa hiyo kila sikukuu inaangukia siku ile ile ya wiki mwaka hadi mwaka, na malaika nao wanaishika Sabato mbinguni. Kwa watu hao, kukosea siku ni kujitoa katika ibada ya mbinguni. Wakristo walirithi macho hayo hayo, wakasogeza siku moja mbele. Ndiyo maana mahali pa kubatizia pa kale pa Milano, alipobatizwa Augustino mwaka 387, pana kuta nane: anayeingia majini anaingia siku ya nane.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mkuu, umeuruka mtaguso (mkutano wa viongozi wa kanisa) wa Laodikia. Kanuni ya 29 ya mtaguso ule wa karne ya 4 inawakataza Wakristo kupumzika siku ya Sabato. Nani anakataza jambo lisilofanywa na mtu?

MLETA MADA: Hapo tuko pamoja, ndugu. Kukusanyika Jumapili ni kwa zamani. Kuiondoa Sabato ndiko kulikokuja kwa amri, tena hakukufika kote. Karne ya 5, mwanahistoria Socrates wa Constantinople anaandika kwamba karibu makanisa yote bado yanafanya ibada Sabato pia, isipokuwa Roma na Aleksandria. Hapa kwetu Afrika, Waethiopia chini ya Mfalme Zara Yaqob waliamua mwaka 1450, kwenye mtaguso wa Debre Mitmaq, kuziheshimu siku zote mbili. Tunagombania moja, wao walizibeba zote.

MCHANGIAJI WA PILI: Mimi ni Msabato na nasema wazi: Kutoka 20 inaitaja siku ya saba. Ya nane iko wapi? Barnaba si Biblia, na alama hata iwe nzuri vipi haitangui amri ya Mungu.

MLETA MADA: Hoja nzito hiyo, na naiheshimu kuliko ile ya 321, kwa sababu inasimama kwenye andiko. Barnaba nimemleta kama shahidi wa walichokuwa wakifanya. Kama walifanya sawa, hilo tulijadili kwa Biblia, na wenye Matendo 20:7 na Ufunuo 1:10 waje nazo. Ila wanaong'ang'ania Konstantino nawaomba kitu kimoja: leteni andiko la karne ya 2 au ya 3 linaloonyesha kanisa la Roma likikutana Sabato peke yake.