Msalaba wa Kiselti, Meza Kuu ya Lenormand au nusu duara ya karata 32: upi kwa swali lipi?

Mtandazaji (mwanzisha mada)
Wadau, naomba tulinganishe mitandazo mitatu ya kubashiri kwa karata, yaani namna za kuzipanga mezani na kuzisoma:
- Msalaba wa Kiselti: karata 10 kutoka tarot, pakiti ya picha 78
- Meza Kuu: karata zote 36 za Lenormand, pakiti ya picha zenye namba
- Nusu duara: karata 15 kutoka karata 32 za kawaida

Swali la mfano liwe moja kwa wote: mtu ameitwa kazini mji mwingine, aende au abaki? Semeni kila mtandazo unajibu nini na unaharibika wapi.

Panga Tatu
Mkuu, kabla ya yote, hiyo mitandazo haisomwi kwa kanuni moja. Kwenye Msalaba wa Kiselti mahali ndipo panaposema: karata iliyoangukia nafasi ya 4 ni mzizi wa jambo, iwe nzuri iwe mbaya. Kwenye Meza Kuu kinachosema ni ujirani. Anayesoma Meza Kuu kama Msalaba atazipitia karata 36 bila kupata sentensi moja.

Utaratibu aliouchapisha A. E. Waite, mwandishi wa vitabu vya tarot, mwaka 1910 ni huu. Karata ya mhusika, inayosimama badala ya muulizaji, inawekwa katikati. Ya 1 inamfunika, ya 2 inalazwa juu yake kumkingama, ya 3 inakaa juu, ya 4 chini, ya 5 nyuma, ya 6 mbele. Kisha nguzo upande wa kulia, ukipanda kutoka chini: ya 7 ni yeye mwenyewe, ya 8 nyumba yake na wanaomzunguka, ya 9 matumaini na hofu zake, ya 10 mwisho wa jambo.

Kosa kubwa liko kwenye 5 na 6. "Nyuma" ni upande ambao mhusika ameupa mgongo. Kama picha uliyochagua inatazama kushoto, yaliyopita yanakaa kulia. Wengi huweka ya 5 kushoto siku zote, wakaishia kusoma ya jana kama ya kesho. Picha ikitazama mbele kabisa, amua upande kabla ya kuchanga.

Halafu huyo mhusika. Waite aliwagawa watu kwa rangi ya nywele na macho: kati ya rangi nne za tarot, Fimbo kwa wenye nywele za manjano, Sarafu kwa wenye nywele nyeusi na macho meusi. Kwa kipimo hicho karibu Afrika Mashariki nzima ni Sarafu, kwa hiyo hakina kazi kwetu. Mimi nashauri usiweke mhusika kabisa. Ukimtoa Mfalme wa Sarafu awe muulizaji, mwajiri mwenye fedha hana tena sura ya kutokea nayo.

Kwa swali lako, Msalaba unaeleza vizuri kwa nini mtu anasita (2, 4 na 9). Kuchagua kati ya njia mbili hauwezi, maana nafasi ya mwisho ni moja tu. Na ya 10 ikiwa karata ya mtu, yaani mfalme, malkia au wenzao, ina maana jambo limeishia mikononi mwa mtu huyo. Waite anaelekeza uifanye mhusika wa mtandazo wa pili.

Nanga35
Hapo kwenye njia mbili Meza Kuu inashinda, kwa sababu karata ya 22 ni Njia Panda yenyewe. Itafute, soma kilichoigusa kila upande.

Panga mistari 4 ya karata 9, au mistari 4 ya 8 na 4 za mwisho chini katikati. Hizo 4 husomwa kama hukumu. Mimi nachukua ya 8 kwa maswali ya uamuzi. Karata zenye upana wa sentimita 6 hivi zinataka kitambaa cha sentimita 60 kwa 50.

Mtafute mhusika, 28 Mwanamume au 29 Mwanamke. Karata zinazomgusa, 8 kwa wingi, ndizo zenye nguvu. Kisha mstari wake, safu yake, na mishazari. Karata ya Mawingu ikimgusa, angalia ni upande wa giza au wa mwanga ulioelekea kwake. Wachoraji hawafanani, kagua pakiti yako mapema. Mawingu yakiwa mbali, yaache.

Panapoharibika ni pawili. Kwanza, kazi. Wengine huisoma kwenye Mbweha (14), wengine kwenye Nanga (35). Zote mbili ni mapokeo halali, ila chagua moja kabla hujachanga, vinginevyo utachukua ile inayokupendeza. Pili, mhusika kuangukia ukingoni. Akiwa safu ya mwisho kulia hana ya mbele kwenye mstari wake. Usichange upya! Tumia nyumba: mahali pa 1 ni nyumba ya karata 1, pa 2 ya karata 2, hadi 36. Hapo ndipo Meza Kuu nayo inapata nafasi zenye jina, ndugu Panga Tatu.

Ree ya Pau
Mnasahau karata za kawaida, nazo zilitangulia kuandikiwa mwongozo. Mbashiri wa Kifaransa Etteilla (ni Alliette, jina lake, lililosomwa kinyume) alichapisha wake mwaka 1770 kwa karata 32 pamoja na moja ya mhusika.

Toa 2 hadi 6 kila rangi (kopa, uru, shupaza, pau), zibaki 32. Chomoa mhusika, changa zilizobaki, vuta 14, mtie mhusika ndani, changa tena, panga 15 kwa nusu duara. Hesabu kuanzia mhusika kama moja hadi tano, soma, hiyo ya tano iwe moja, endelea, ukifika mwisho zunguka. Ukirudi kwa mhusika umemaliza. Baadaye soma kwa jozi: ya 1 na 15, ya 2 na 14, hivyo hivyo, ya 8 inabaki peke yake katikati, nayo ni kiini.

Idadi si pambo. Kuhesabu tano ni kuruka hatua 4, na 4 na 15 hazina kigawanyo cha pamoja zaidi ya 1, hivyo utapita karata zote. Weka 16 na utazunguka karata 4 zile zile. Weka 15 ukahesabu saba, utagusa 5 tu. Watu hulalamika "karata zimekataa kusema" kumbe ni hesabu.

Kata Tatu
Nyongeza fupi kuhusu kuchanga. Wanahisabati Bayer na Diaconis walionyesha mwaka 1992 kwamba karata 52 zinataka kuingilizwa nusu kwa nusu mara 7 hivi. Kuzihamisha mafungu mafungu mkononi kunaacha majirani wa juzi wakiwa bado pamoja, na kwenye Meza Kuu ujirani ndio usomaji wenyewe. Karata za tarot ni kubwa na hukunjika. Zimwage mezani zikiwa kifudifudi, zikoroge kwa viganja dakika nzima.

Mtandazaji
Shukrani wakuu. Dada Nanga35, asiye na pakiti ya Lenormand anaweza kufanya Meza Kuu kwa karata za kawaida?

Nanga35
Anaweza. Toa 2 hadi 5 kila rangi, zinabaki 36. Kila karata ya Lenormand ina mwenzake: Mwanamume ni ree ya kopa, Mwanamke ree ya shupaza, Jua ree ya uru, Pete ree ya pau, Moyo ghulamu wa kopa, Meli 10 ya shupaza, Barua 7 ya shupaza. Andika namba pembeni kwa penseli.

Ila usichanganye na maana za Kifaransa zinazosomwa kwenye nusu duara ya Ree ya Pau. Kwa Wafaransa pau ni fedha na mafanikio. Kwenye Lenormand pau ndizo nzito: Mlima ni 8, Panya 7, Msalaba 6, Mawingu mfalme, Nyoka malkia. Na 9 ya shupaza, inayoogopwa kule, huku ni Nanga.