Mrejesho: trauti wa Mto Gallatin waliokataa nzi wa kuelea

Wakuu, nawashukuru sana. Swali lilikuwa: Aprili, maji ya Mto Gallatin kule Montana, Marekani, yakiwa nyuzi 5 za Selsiasi, mbona samaki aina ya trauti hawamgusi nzi wa bandia anayeelea?

Aliyeshauri kuzamisha alipatia kabisa. Nimefunga nzi mzito wa ndoana namba 8, na sentimita 40 chini yake nzi mdogo mweusi namba 18. Kiboya kiko juu ya nzi kwa umbali wa mara moja na nusu ya kina cha maji. Chubwi (kizito cha kuzamisha) moja ndogo, sentimita 20 juu ya nzi wa kwanza. Kosa kubwa lilikuwa mshipi kuburutwa na mkondo wa juu, nzi akipita mbio kuliko maji ya chini. Sasa nikisharusha tu, naulaza mshipi upande mto unakotoka. Saa sita hadi saa tisa mchana, kwenye maji yaliyotulia pembeni: trauti wanne, wote walimchukua yule mdogo.

Chubwi ya pili haikunifaa. Ilinasa mawe, nzi watatu wakapotea. Na theluji ilipoyeyuka, maji yakawa tope, hakuna kilichosaidia.